Kiwanja kwenye ulimwengu wa mtandaoni: Second Life, Entropia au Decentraland?

Ndani ya Second Life, ukikuta kipande cha ardhi kilichotelekezwa na mwenyewe, unaweza kuiomba kampuni inayoendesha ulimwengu huo ikuuzie kwa dola moja ya Linden, fedha ya humo, kwa kila mita ya mraba. Mita za mraba 1,024, yaani kama robo ekari hivi, zitakugharimu takriban dola nne za Marekani. Novemba 2021, kampuni ya Metaverse Group ilinunua viwanja 116 vilivyoungana katika eneo la mitindo la Decentraland kwa MANA 618,000, sarafu ya ulimwengu huo, ambazo wakati huo zilikuwa sawa na dola milioni 2.4 hivi. Huku na kule ni ardhi isiyokanyagika, na huku na kule biashara inaendelea hadi leo. Anayetaka kuingia ana kila sababu ya kuuliza tofauti hiyo imetoka wapi.

Msimamo wangu nauweka mapema. Bei ya kununulia ndiyo inayotangazwa sana, na ndiyo isiyokusaidia sana kuamua. Mambo matatu yana uzito kuliko hiyo: nani anaendesha mitambo, utalipa nini kila mwezi ili uendelee kuwepo, na siku ukichoka nani atakununua. Kwa vipimo hivyo nalinganisha sehemu tatu ambazo zimeuza ardhi kwa miaka mingi vya kutosha kuacha kumbukumbu.

Tunazilinganisha zipi

Second Life ilifunguliwa Juni 2003 na Linden Lab ya San Francisco, kampuni iliyoanzishwa na Philip Rosedale. Hakuna mshindi wala mshindwa humo. Watu hujenga nyumba, huuza nguo na nywele za avata (umbo linalomwakilisha mtu humo), hupiga muziki, hufunga ndoa. Ramani imekatwa katika maeneo ya mita 256 kwa 256, kama ekari 16 kila moja. Kuna Bara, ambako mwenye mamlaka ni Linden Lab yenyewe, na kuna visiwa vya watu binafsi. Fedha yake ni dola ya Linden, inayobadilishwa kwenye soko la ndani; kwa miaka mingi dola moja ya Marekani imekuwa ikipata kama 250.

Entropia Universe ni ya kampuni ya MindArk ya Gothenburg, Sweden, nayo ilianza 2003. Huu ni mchezo hasa: watu huwinda viumbe, huchimba madini, hutengeneza silaha. Sarafu yake, PED, imefungwa kwa dola, PED 10 kwa dola moja.

Decentraland ilibuniwa na Esteban Ordano na Ari Meilich wa Argentina. Mwaka 2017 waliuza sarafu yao ya MANA na kukusanya dola milioni 24 kwa muda usiofika dakika moja. Ulimwengu wenyewe ukafunguliwa kwa umma Februari 2020. Una viwanja 90,601, kila kimoja mita 16 kwa 16, na jina la mmiliki linaandikwa kwenye blokucheni ya Ethereum, yaani daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja. The Sandbox, iliyo chini ya Animoca Brands ya Hong Kong, inafuata njia ileile ikiwa na viwanja 166,464 na sarafu ya SAND, kwa hiyo nitakayoyasema kuhusu hati za Decentraland yanaihusu nayo.

Hati unayopewa

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupita haraka, na ndipo ningependa usimame.

Second Life inatumia maneno ya ardhi: unanunua, unauza, unamiliki. Lakini ukisoma masharti ya matumizi utakuta kwamba ulichopewa ni leseni yenye mipaka ya kutumia sehemu ya huduma yao. Jambo hili lilifika mahakamani. Mwanasheria wa Pennsylvania aitwaye Marc Bragg alikuwa na viwanja kadhaa humo. Linden Lab ikasema ametumia njia isiyo halali kupata kimoja kwenye mnada kwa bei ya chini, ikamfungia akaunti na kila kitu kilichokuwa ndani yake. Bragg akashtaki. Mei 2007 Jaji Eduardo Robreno alikataa kumlazimisha apeleke mgogoro kwenye usuluhishi San Francisco, akisema masharti yale yaliegemea mno upande wa kampuni. Baadaye mwaka huohuo wakapatana nje ya mahakama. Mapatano hayo yalimaliza ugomvi wao, lakini swali la kama ardhi ya namna hii ni mali ya mnunuzi kisheria halikupata hukumu katika kesi ile.

Ukinunua kwenye kisiwa cha mtu binafsi, kuna ngazi nyingine juu yako. Mwenye kisiwa ndiye anayetambuliwa na Linden Lab, wewe ni mpangaji wake hata kama skrini inasema umenunua. Anaweza kukurudisha nje. Naye asipolipa ada yake, kisiwa kizima kinazimwa pamoja na nyumba yako, na Linden Lab haiingilii ugomvi wa wakazi kwa wakazi. Kabla ya kutoa hata senti, soma masharti ya kisiwa, angalia kimekuwepo kwa muda gani, kisha zungumza na wapangaji wawili watatu waliokaa hapo. Wengi huwa tayari kueleza.

Entropia haifichi: kwa mkataba wao, kila kitu kilichomo ni cha MindArk, nawe una ruhusa ya kukitumia.

Decentraland ndiyo yenye madai makubwa zaidi. Hati yako ni tokeni, alama ya umiliki iliyoandikwa kwenye blokucheni, iliyomo kwenye pochi yako ya kidijitali, na hakuna ofisa wa kampuni anayeweza kuifuta. Inakupa pia sauti: katika kura za kuendesha Decentraland, kiwanja kimoja kinahesabiwa nguvu ya kura 2,000. Hayo ni ya kweli na yana thamani. Lakini kilichoandikwa kwenye blokucheni ni namba za mahali kiwanja kilipo na jina la pochi. Jengo, taa, muziki na mgeni anayeingia vinategemea seva na programu ambazo lazima mtu aziendeshe. Tazama yaliyoupata mchezo wa magari F1 Delta Time wa Animoca Brands. Mwaka 2019 gari moja la humo, likiwa tokeni kwenye blokucheni, liliuzwa kwa zaidi ya dola 100,000. Machi 2022 mchezo ukafungwa baada ya leseni ya kutumia jina la mashindano kumalizika. Tokeni ilibaki kwenye pochi, barabara ya kuliendeshea gari haikuwepo tena, na wamiliki walipewa vitu vya michezo mingine kama mbadala.

Pia ulinzi wa pochi ni wako peke yako. Ukipoteza maneno ya siri, au ukibofya kiungo cha tapeli na kuidhinisha muamala, hakuna dawati la huduma litakalokurudishia kiwanja. Kwa mtu ambaye hajawahi kutunza pochi ya kripto, hatari hii ni kubwa kuliko ya kampuni kumfungia akaunti.

Kununua ni mara moja, kukaa ni kila mwezi

Nirudi kwenye ile robo ekari ya dola nne. Kumiliki ardhi ya Bara katika Second Life kunahitaji uanachama wa kulipia, ambao kwa miaka ya karibuni umekuwa kama dola 99 kwa mwaka ukilipa kwa mkupuo. Uanachama huo unabeba mita za mraba 1,024 bila ada nyingine. Ukizidisha hapo, unaingia kwenye ngazi za ada ya ardhi ya kila mwezi. Na angalizo: ada inahesabiwa kwa kiwango cha juu kabisa ulichowahi kushikilia ndani ya mzunguko wa mwezi. Ukinunua kiwanja kikubwa Jumatatu na kukiuza Jumatano, bado utalipia ngazi ile. Madalali wapya huumizwa hapa.

Kisiwa kizima kinatoza zaidi ya dola 200 kila mwezi, kiwe na watu au kiwe kitupu. Ndiyo maana biashara ya ardhi ndani ya Second Life, tangu mwanzo, imekuwa zaidi biashara ya kupangisha: unachukua kisiwa, unakikata, unakusanya pango, unalipa ada, kinachobaki ni chako. Mfano maarufu ni Ailin Graef, mzaliwa wa China aliyeishi Ujerumani, anayejulikana humo kama Anshe Chung. Alianza na akaunti ya chini ya dola kumi, akanunua, akagawa, akapangisha, na mwaka 2006 akatokea kwenye jalada la gazeti la BusinessWeek. Novemba mwaka huohuo alitangaza kuwa mali zake za humo zimevuka dola milioni moja. Tukumbuke tu kwamba aliingia wakati watu walikuwa wanamiminika na wenye visiwa walikuwa wachache.

Na ada hupanda. Oktoba 2008 Linden Lab ilitangaza kupandisha ada ya mwezi ya visiwa vyepesi vilivyoitwa Openspace kutoka dola 75 hadi 125. Watu waliokuwa wamevipangisha kwa hesabu ya 75 walijikuta na mikataba isiyolipa. Kulikuwa na maandamano ya avata, kampuni ikalegeza ratiba, lakini mwelekeo haukubadilika. Miaka iliyofuata, kuanzia 2018, ada za visiwa vya kawaida zilishushwa. Panda shuka hizo zote ziliamuliwa na upande mmoja.

Decentraland haitozi ada ya mwezi. Unanunua, unalipa ada ya mtandao wa Ethereum na ada ndogo ya soko, basi. Kwa anayetaka kukaa muda mrefu bila bili, hii ni nafuu ya kweli. Gharama yake imejificha kwenye sarafu. MANA ilipita dola 5 mwezi Novemba 2021. Mwishoni mwa 2022 ilikuwa chini ya senti 50. Aliyenunua kileleni hakupigwa bili yoyote, ila alipoteza zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za thamani ya sarafu hiyo ndani ya miezi kama kumi na tatu, na bei za viwanja nazo zikaporomoka. Ongeza gharama ya ujenzi. Second Life ina vifaa vya kujengea ndani kwa ndani na soko kubwa la nyumba zilizo tayari, wakati Decentraland jengo zuri kwa kawaida linahitaji mtu anayejua kuchora kwa pande tatu na kuandika msimbo. Kiwanja kimoja kina kikomo cha urefu wa mita 20 na pembetatu 10,000 za mchoro (vipande vidogo vinavyounda umbo la jengo kwenye kompyuta), hivyo anayetaka ghorofa lazima anunue viwanja vinavyopakana.

Entropia iko kinyume kidogo: ardhi yenyewe inaweza kuingiza fedha. Mwenye eneo hutoza kodi kwenye mapato ya wanaowinda au kuchimba kwake. Desemba 2004 kijana wa Australia, David Storey, alinunua Treasure Island kwa dola 26,500, na kufikia mwaka uliofuata iliripotiwa kuwa amesharudisha fedha zake. Jon Jacobs alinunua kituo cha anga kwa dola 100,000 mwaka 2005, akakigeuza klabu, na mwaka 2010 akakiuza vipande vipande kwa jumla ya dola 635,000. Lakini hao walifanya kazi. Mwenye eneo hununua mbolea ili viumbe waendelee kuzaliana, huandaa mashindano, hutafuta wawindaji. Asiyetaka usumbufu huo ana njia nyingine: mwaka 2011 MindArk iliuza hati 60,000 za sayari ya Calypso iliyomo humo, dola 100 kila moja, ambazo hugawa sehemu ya mapato ya sayari. Hizo ziko karibu na hisa kuliko kiwanja.

Kwa kifupi, hali ni hii:

| | Second Life | Entropia | Decentraland |
|---|---|---|---|
| Sarafu | Dola ya Linden | PED (10 kwa dola 1) | MANA |
| Ada ya mwezi | Ipo, na ndiyo gharama kuu | Hakuna ya namna hiyo, ila eneo linataka kuhudumiwa | Hakuna |
| Ardhi mpya inaweza kuongezwa? | Ndiyo, wakati wowote | Ndiyo | Viwanja 90,601 tu |
| Kumbukumbu ya mmiliki | Kwenye seva za kampuni | Kwenye seva za kampuni | Ethereum |

Mahali pazuri ni wapi?

Mstari wa tatu wa jedwali hilo ndio uliouza viwanja vingi 2021: vichache, kwa hiyo vitapanda. Mtu mmoja alilipa kama dola 450,000 kuwa jirani wa mwanamuziki Snoop Dogg ndani ya The Sandbox. Mimi sikubaliani na hesabu hiyo. Fremu ya Kariakoo ina bei kwa sababu mtu anayekwenda kwingine analazimika kupita mbele yake kwa miguu. Katika ulimwengu hizi avata hapiti, anaruka. Anaandika namba za mahali au anabofya alama kwenye ramani na kutua moja kwa moja. Kiwanja kilicho katikati ya mji na kile cha pembezoni viko umbali uleule wa kubofya mara moja.

Hata uchache wenyewe umelegea. Decentraland sasa ina kinachoitwa Worlds: ukiwa na jina lililosajiliwa, linalogharimu MANA 100, unapata nafasi yako ya kujenga bila kumiliki kiwanja chochote kwenye ramani. Second Life nayo, kuanzia 2019, imejenga bara zima la Bellisseria lenye nyumba zinazotolewa kwa wanachama wanaolipia. Nyumba hizo ni nzuri, mitaa yake imepangwa, na zilipunguza haja ya wengi kununua Bara.

Kinachobaki kuwa na maana kuhusu mahali ni majirani na mazingira. Katika Bara la Second Life, kiwanja kilichopakana na barabara au maji yanayolindwa na kampuni huuzwa ghali zaidi kwa sababu hakuna atakayekujengea ukuta upande ule. Hapo bei ya juu ina sababu inayoeleweka. Kiwanja cha bei poa mara nyingi kina jirani mwenye mnara wa matangazo unaozunguka usiku na mchana, kwa hiyo geuza macho pande zote nne kabla ya kulipa.

Nao watu wenyewe wako wapi? Second Life kwa miaka mingi imekuwa na makumi ya maelfu ya watu waliomo kwa wakati mmoja. Oktoba 2022 zilisambaa habari kwamba Decentraland ina watumiaji 38 kwa siku. Takwimu hiyo ya DappRadar, tovuti inayofuatilia programu za blokucheni, ilihesabu pochi zilizofanya muamala, na Decentraland wakajibu kuwa wageni ni kama 8,000 kwa siku. Chukua hata namba ya juu, kisha igawe kwa viwanja 90,601.

Siku ya kuuza

Second Life ndiyo rahisi kiufundi. Unafungua maelezo ya kiwanja, unaweka bei, unachagua kama kinauzwa kwa yeyote au kwa mtu mmoja uliyemtaja. Ukiwa unamhamishia rafiki kwa bei ya dola sifuri, mtaje jina; ukiacha wazi kwa yeyote, mpita njia anaweza kukinyakua, na kuna kipindi palikuwa na programu zilizoandikwa kuwinda makosa hayo tu. Ila kuwa rahisi kuuza si sawa na kupata mnunuzi. Mbele ya ardhi iliyotelekezwa ya dola moja kwa mita, kiwanja cha kawaida cha Bara hakina nguvu ya kudai bei.

Decentraland unaweka kiwanja sokoni na kusubiri, na waliosubiri tangu 2022 ni wengi. Entropia soko ni dogo, wanunuzi wanafahamiana, na maeneo makubwa hukaa muda mrefu kabla ya kubadilisha mikono.

Kutoa fedha nje nako kuna sura yake kwetu. Second Life hulipa kupitia huduma kama PayPal. Kenya PayPal imeunganishwa na M-PESA tangu 2018. Kwingine hakikisha kwanza kwamba akaunti yako inaweza kupokea, si kutuma tu. Kwa upande wa kripto, Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tahadhari ya kukataza matumizi yake Novemba 2019, kisha Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Kenya ilikuwa na kodi ya asilimia 3 kuanzia Septemba 2023, ikaondolewa 2025 na nafasi yake kuchukuliwa na ushuru wa asilimia 10 kwenye ada za watoa huduma. Mambo haya yanabadilika kila bajeti, yatazame upya mwaka utakaonunua.

Nani achukue ipi

Unayetaka mahali pa kujenga, kuuza kazi za mikono yako za kidijitali, au kukaa na marafiki: Second Life, na uanze kwa kupanga, usinunue. Panga kipande kidogo kwenye kisiwa chenye historia, kwa wiki chache. Ukiona unarudi kila siku, chukua uanachama na mita zako 1,024 au nyumba ya Bellisseria. Biashara ya kukata kisiwa na kupangisha iache mpaka uwe na wapangaji wanaokungoja.

Unayependa mchezo wenyewe wa kuwinda na kuchimba, na una subira ya kuhudumia eneo: Entropia, ila cheza kwanza miezi mingi bila ardhi. Asiyejua wawindaji wanataka nini hawezi kuwavuta.

Msanii au mbunifu anayejua pande tatu na pochi, ambaye kumbukumbu ya umiliki ni sehemu ya kazi yake: Decentraland inakufaa, na uanzie kwenye Worlds. Kiwanja cha kwenye ramani kinunue tu ikiwa bei yake yote ikipotea haitagusa karo wala chakula.

Na unayenunua ili uuze kwa faida mwakani, katika hizi tatu sioni ya kukupendekezea.

Kwa atakayechagua Second Life akiwa Afrika Mashariki, panga pia saa zako. Saa rasmi ya humo ni ya California, na sherehe nyingi za saa moja jioni kwao huangukia kwetu saa kumi na moja alfajiri au saa kumi na mbili asubuhi, kutegemea msimu wao. Duka huuza lenyewe ukiwa umelala, lakini ukumbi wa muziki unahitaji mwenyeji aliye macho.